Kutafuta Tiba ya Uraibu Bila Kuuza Ng'ombe

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi huja kuniuliza kwa sauti ya chini, foleni ya kliniki ya watoto ikiwa imekwisha na hakuna jirani wa kusikia. Mama amehudumiwa, amemfunga mtoto mgongoni, lakini haondoki. Anasimama tu mlangoni. "Sista, mtu akishindwa kuacha pombe hupelekwa wapi?" Mara nyingi mtu huyo ni mumewe. Wakati mwingine ni kijana wake au bintiye. Kwa nyanya wanaolea wajukuu, huwa ni mzazi wa hao wajukuu. Na swali la pili hufuata upesi: "Na ni pesa ngapi?"

Nitaanza na hilo la pesa, kwa sababu ndilo linalowafunga watu miguu. Vituo vingi vya kibinafsi vya kurekebisha waraibu hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, na mgonjwa huambiwa akae miezi mitatu. Jamaa wanaposikia hivyo, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wengine hukata tamaa na kurudi nyumbani kuomba Mungu. Wengine huita harambee, hukodisha shamba, huuza ng'ombe wa maziwa. Kijana anakaa miezi mitatu, anarudi amenenepa na uso unang'aa, na baada ya wiki chache anaonekana tena kwenye kilabu cha chang'aa. Sasa ng'ombe hayupo na ugonjwa upo.

Sisemi kwamba vituo vya kibinafsi ni vibaya. Vingine vinafanya kazi nzuri sana. Ninachosema ni kwamba hapo si mahali pa kuanzia. Ziko njia za bure, na ziko njia za bei nafuu, na mtu anayeanza nazo hupoteza kidogo hata mambo yasipofaulu mara ya kwanza.

Basi chukua kalamu na karatasi. Kama hakuna karatasi, andika nyuma ya kalenda. Nambari ya kwanza ni 1192. Hii ni nambari ya simu ya NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia vita dhidi ya pombe na dawa za kulevya. Kupiga ni bure, usiku na mchana, na huhitaji kuwa na salio lolote kwenye simu. Anayepokea ni mshauri. Si polisi, na hatakuja kumkamata mtu wako. Unaweza kuongea Kiswahili. Unaweza kupiga wewe mama hata kama mgonjwa mwenyewe hataki kusikia habari za tiba.

Kabla ya kupiga, kaa chini dakika tano ujiandae. Mshauri atakusaidia vizuri zaidi ukiweza kumwambia mtu wako ana umri gani, anatumia nini, kiasi gani kwa siku, na ameanza lini. Mwambie kama ana kifafa, kisukari, shinikizo la damu, au kama anatumia dawa za HIV au za kifua kikuu. Mwambie mko kaunti gani. Halafu, mama, mwambie ukweli kuhusu pesa. Sema, "Hatuna pesa," au, "Tunaweza kupata elfu tano, si zaidi." Ukiona haya kulitaja hilo, utapewa jina la kituo usichokiweza, na utakata simu ukiwa umevunjika moyo.

Lakini hebu kwanza tuelewane, huyu mtu ana nini hasa? Uraibu ni ugonjwa. Pombe, heroini, bangi na nyinginezo hubadilisha jinsi ubongo unavyofanya kazi, hasa ile sehemu inayotufanya tutamani kitu na kukifuata. Mwanzoni mtu hunywa ili afurahi. Baadaye hunywa ili mikono isitetemeke. Hapo kumwambia "jikaze tu uache" ni kama kumwambia mwenye malaria ajikaze homa ishuke. Wala si wachache. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau kileo au dawa moja ya kulevya. Si kila mtumiaji ni mraibu, ni kweli. Lakini ukidhani ni boma lako peke yake lenye aibu hii, tembea polepole jioni ukisikiliza kelele za majirani.

Baada ya simu, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Najua utaniambia, "Sista, pale kuna Panadol tu." Subiri kidogo. Katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, yaani daraja la 2 na la 3, matibabu ya kutolala ni bure kwa kila aliyejiandikisha na SHA, hata kama hajalipa mchango. Muuguzi au afisa wa kliniki anaweza kumpima mtu wako, kuangalia kama ini, damu au kifua vimeathirika, kuzungumza naye, na kuandika barua ya rufaa. Barua hiyo ni karatasi ndogo yenye nguvu. Ukifika hospitali kubwa ukiwa nayo, hutaanzia kwenye geti ukijieleza kwa askari. Na kama unaona haya kwenda zahanati, mwambie mhudumu wa afya wa jamii, yule anayetembelea nyumba akiwa na mkoba. Wengi wao wanazijua njia hizi, na siri ni sehemu ya kazi yao.

Sasa kuhusu SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Kadi ya zamani ya NHIF haifanyi kazi peke yake. Lazima mtu ajiandikishe upya, kwa kubonyeza *147# kwenye simu au kwa kusaidiwa na mhudumu wa afya. Kujiandikisha ni bure. Lakini kulazwa hospitali ni jambo jingine: hapo mchango lazima uwe umelipwa. Kwa wasio na mshahara, mchango hukadiriwa kulingana na uwezo wa nyumba, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Ziko pia njia za kulipa kidogo kidogo. Huduma za afya ya akili na za kurekebisha waraibu zimo kwenye mpango huo, ila zina kiwango chake na si kila hospitali au kituo kina mkataba nao. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Mnakubali SHA?" pekee. Uliza, "SHA italipa siku ngapi, na mimi nitabaki na kiasi gani?" Uliza kabla ya kumlaza mtu. Linganisha shilingi 3,600 na bei ya ng'ombe.

Hapa nataka kutulia kidogo, kwa sababu nina jambo la kuwaonya. Linahusu akina mama wenye nia njema.

Wako wanaosema, "Sisi tutamfungia chumbani wiki moja, pombe itamtoka." Ndugu wanakusanyika, mlango unafungwa kwa kufuli, mtu anapewa maji na uji kupitia dirishani. Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, jambo hili linaweza kumwua. Si mzaha. Mwili uliozoea pombe kwa miaka, ukinyimwa ghafla, hushtuka. Siku ya kwanza mikono hutetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, hawezi kulala. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kupata mtukutiko kama wa kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu wasiokuwepo, na mwili kuwa moto. Watu husema amerogwa au amepandwa na mashetani. Huyo anahitaji hospitali saa ileile, si mganga, wala si kamba.

Ishara ya kuangalia ni rahisi. Je, asubuhi akiamka mikono hutetemeka hadi apate kidogo ndipo itulie? Je, amewahi kuanguka kifafa alipokosa pombe? Kama ndivyo, usimkatie pombe ghafla nyumbani. Mpeleke kwanza hospitali ya kaunti ndogo. Huko atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana walevi wengi hawali na ubongo wao huumia kwa kuikosa. Kazi hii huchukua siku chache, mara nyingi wiki moja hivi, na hufanywa katika hospitali nyingi za serikali hata zisizo na wodi ya waraibu. Kwa lugha yetu tunaiita kusafisha mwili. Kumbuka kwamba kusafisha mwili ni mwanzo tu, si tiba nzima. Ni sawa na kuosha kidonda kabla ya kukifunga.

Na kama aliyekunywa analalamika kwamba macho yanaona ukungu, au haoni kabisa, anatapika na kichwa kinauma vibaya, usimwache alale mpaka asubuhi. Huenda kilichokuwa ndani ya ile chupa kilikuwa methano, spiriti ya viwandani. Kila baada ya miaka michache nchi yetu huzika watu kwa sababu hiyo. Walionusurika ni wale waliofika hospitali mapema.

Sasa twende kwa unga. Wenzetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wanaujua vizuri kuliko sisi wa bara, ingawa Nairobi pia umejaa. Nazungumzia heroini. Mtumiaji akiikosa, baada ya saa chache anaingia kwenye arosto: mafua, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, kujikunja kama mtoto. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Arosto kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya kama vile pombe inavyoweza, lakini inatesa kiasi kwamba karibu kila mtu hurudi kwenye kete ili imwishe.

Kwa unga kuna dawa, na dawa yenyewe ni ya bure. Inaitwa methadoni. Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, kliniki. Inakalia mahali palepale kwenye ubongo ambapo heroini hukaa, lakini inaingia polepole na kudumu siku nzima, kwa hiyo mtu hapandi wala haporomoki. Arosto inaisha. Akili inatulia. Mtu anaweza kwenda kibarua, kulea watoto, kulala usiku. Katika Kenya huduma hii ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika Malindi mwaka 2015, na baadaye ikaenda Ngara hapo Nairobi, Kisauni kule Mombasa, Kombani kule Kwale, na kaunti nyinginezo.

Kina mama huniuliza, "Sista, si hiyo ni kumtoa kwenye dawa moja na kumtia kwenye nyingine?" Nalielewa swali hilo, na sikasiriki nikiulizwa. Jibu langu ni hili. Mwenye kisukari huchoma insulini kila siku na hatumwiti mraibu wa insulini. Kijana wa methadoni haibi sufuria zako, hajidungi sindano kwenye kinena, na hafi chooni. Wengi hukaa kwenye dawa hiyo mwaka mmoja au zaidi, na kuiacha hufanywa polepole na daktari. Ugumu wake ni kwamba lazima afike kliniki kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nauli ndiyo huwashinda watu wengi. Kama unataka kusaidia kwa pesa, saidia nauli. Na usimpe mkononi ikiwa bado anayumba. Mlipe mwenye bodaboda moja kwa moja.

Methadoni haitibu pombe. Haitibu bangi, miraa wala muguka. Na mtu akiichanganya na pombe au vidonge vya kulewesha kama vile bugizi, anaweza kulala asiamke. Hilo mwambie waziwazi.

Kwa mama mjamzito anayetumia unga, sikiliza hapa. Usiache ghafla peke yako, maana arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Nenda kliniki ya wajawazito useme ukweli. Methadoni hutumika katika ujauzito. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na dalili za kukosa dawa, lakini hutibika akiwa hospitalini, na madaktari wakijua mapema hujiandaa. Ukikutana na muuguzi wa kukufokea, na wako, muulize aliye mwandamizi wake. Usirudi nyumbani.

Njia ya kufika kliniki ya methadoni mara nyingi hupitia kwa mashirika yanayotembelea maskani. Pwani kuna MEWA na Reachout Centre Trust huko Mombasa, na Omari Project huko Malindi. Wafanyakazi wao wanawajua vijana kwa majina na hawawaogopi. Humpeleka mtu kupimwa, humsindikiza siku za mwanzo. Lakini niwaambie ukweli: mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, huduma nyingi za aina hii ziliyumba, na baadhi ya vituo vya mchana vilifungwa. Kwa hiyo piga simu kwanza au tuma mtu aulize kabla ya kupanda matatu na mgonjwa anayetapika.

Kwa mtu anayehitaji kulazwa, hospitali za serikali ziko. Mathari ina kitengo cha waraibu. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, inacho pia. Mombasa kuna kituo cha Miritini kilicho chini ya NACADA, na Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili. Vitanda ni vichache na foleni ni ndefu. Gharama ipo, lakini ni ndogo ukilinganisha na za kibinafsi. Ukiambiwa hakuna nafasi, usiseme "asante" ukaondoka. Omba jina liandikwe, uliza urudi lini, na uliza kama anaweza kuanza ushauri wa kutoka nyumbani wakati anasubiri.

Na kama bili imekushinda, kila hospitali kubwa ya umma ina afisa wa jamii, yule wanayemwita "social worker". Ofisi yake mara nyingi iko mwisho wa korido ambako hakuna anayepita. Kazi yake mojawapo ni kusikiliza wasiojiweza na kupendekeza wasamehewe malipo, yote au sehemu. Mwone mapema, mgonjwa akiwa bado wodini. Usingoje siku ya kuruhusiwa nyumbani. Beba kitambulisho, barua ya chifu au naibu wake inayoeleza hali yenu, na majina ya watoto mnaowalea. Ukiitwa kwa maswali, jibu bila kuongeza chumvi. Huyo afisa amesikia mengi, na hupima kwa macho pia.

Haya, kuna wale ambao hospitali iko mbali na wameelekezwa kituo cha kibinafsi au cha kanisa cha bei nafuu. Vipo vizuri, na vingine hupokea kwa mchango mdogo. Lakini chunguza. Vituo vya kurekebisha waraibu vinatakiwa kuwa na kibali cha NACADA. Omba uone kibali, na uangalie tarehe. Kisha piga tena 1192 uulize kama wanakijua kituo hicho. Uliza ni nani mwenye cheti cha uuguzi au udaktari hapo ndani, na usiku anakuwepo nani. Uliza wanafanya nini mtu akipata mtukutiko. Uliza ada nzima, pamoja na dawa, chakula, sabuni na "ada ya kuingia" ambayo watu hushtukizwa nayo. Omba kuona mahali wanapolala. Uliza unaweza kumtembelea lini.

Wakikuambia usije kabisa kwa miezi mitatu, mimi ningetafuta kwingine. Wakikuambia kijana hupigwa kidogo "ili anyooke", toka hapo. Na ule mtindo wa kutuma vijana wenye miraba minne usiku kumteka mtu kitandani na kumtupa ndani ya gari, siupendi hata kidogo, ingawa najua wengine mtanikasirikia. Mtu huvunjika mbavu. Mtu hupata mtukutiko njiani akiwa amekaliwa na watu wanne. Hata akifika salama, hatamwamini tena mama aliyefungua mlango. Kama mtu amechanganyikiwa akili au anahatarisha uhai wake au wa wengine, hospitali na machifu wana utaratibu wa kisheria wa kumfikisha kwa matibabu. Uliza hospitalini.

Pia kuna msaada ambao hauna ada yoyote, na sijui kwa nini hatuuzungumzii sana. Ni vikundi vya AA, walevi waliokwisha kuacha wanaokutana kusaidiana. Huanza kwa watu kukaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa au chumba cha hospitali, kila mmoja akisema yaliyomkuta. Hakuna kujiandikisha, hakuna kutoa jina la pili, na si lazima uwe wa dini fulani. Vipo Nairobi na miji mingine kadhaa. Vipo pia vya jamaa za walevi, vinavyoitwa Al-Anon. Hivyo ni vya kwako wewe mama. Mshauri wa 1192 anaweza kukuelekeza. Na kama hakuna karibu, uliza hospitali ya kaunti ndogo kama wana siku ya ushauri wa kikundi. Nyingi zinayo, hata kama ni mara moja kwa wiki.

Akirudi nyumbani, tarajia milima na mabonde. Kurudia si ajabu, wala hakumaanishi kwamba tiba ilikuwa bure. Ila kwa unga kuna hatari ambayo lazima uijue. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila heroini umesahau kuistahimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumwua siku hiyohiyo. Wengi hufa wiki za kwanza baada ya kutoka kituoni au jela. Ukimkuta amelala huku anakoroma ajabu, anapumua kwa nadra, midomo imekuwa ya buluu na haamki ukimtikisa, mlaze ubavu, usimwache peke yake, mwite jirani mwenye gari, mkimbize hospitali. Pumzi ikikoma, mpulizie mdomoni. Hospitalini na kwa baadhi ya mashirika ya unga kuna dawa iitwayo naloksoni, ambayo huirudisha pumzi kwa dakika chache. Usimmiminie maziwa. Maziwa huingia kwenye mapafu.

Na wewe mwenyewe je? Kama unapigwa, nambari ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Kama watoto wanateswa au wanalala njaa kwa sababu ya ulevi wa mkubwa, nambari ya bure ya watoto ni 116. Ukihitaji tu mtu wa kukusikiliza, Msalaba Mwekundu wana 1199. Kumtafutia mtu tiba hakukulazimishi kukaa mahali unapoumizwa. Unaweza kumpigia simu ya 1192 ukiwa kwa dada yako.

Nimalize na swali ambalo hutumwa kwa ujumbe karibu kila tukizungumzia pombe: "Sista, nimeuziwa unga sokoni wa kumtilia kwenye chai ili aichukie pombe. Nimtilie?" Hapana. Ipo dawa ya hospitali iitwayo disalfiramu ambayo humfanya anayekunywa pombe atapike, uso uwake na moyo uende mbio. Hutolewa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo, na anayejua kwamba hata pombe kidogo itamwangusha. Ukimtilia kwa siri, naye akaenda kunywa chupa nne, shinikizo la damu linaweza kushuka hadi afe, na daktari hatajua atibu nini. Huo wa sokoni ni hatari zaidi, maana hata aliyekuuzia hajui ulivyochanganywa. Kama tayari umeununua, usiutupe. Uufunge, uulete zahanati tuuangalie.

Wiki ijayo saa ile ile tutazungumzia chanjo za mtoto wa miezi tisa. Mje na vitabu vya kliniki.